Aibu Yangu Niliyombebesha Mkwe Wangu

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu, asubuhi hii na siku zote. Niacheni niseme nikiwa nimeketi. Mchungaji amenipa ruhusa, nami namshukuru, maana nikisimama mtakuwa mnaangalia kama nitaanguka, na hamtasikia neno. Mnanijua. Mimi ni Papa Kalonda, fundi wa mbao, wa hapa Kabondo. Benchi nyingi mnazokalia nilizipiga randa mimi, wakati nilikuwa mtu wa mikono miwili.

Najua wengine wamekuja kusikia kwamba nimepona. Sikupona. Upande wangu wa kuume umekufa vile vile, mguu unaburuta, mkono unaning'inia, na mdomo umepinda kama mnavyouona. Aliyekuja kwa ajili ya mguu anisamehe. Bwana alinifungua mahali pengine, na habari yenyewe si nzuri kuisikia. Kule nyuma, kwenye benchi za akina mama, karibu na mlango, ameketi Rebeka, mke wa mtoto wangu Samweli. Wengi wenu mmemwona akiingia na mmegeuza macho. Leo nasema kwa ajili yake.

Ndugu zangu, nianze na kiburi changu. Nilikuwa mtu wa nguvu, na nilikuwa na mdomo mchafu kwa watu wasio na nguvu. Kule karakana, mzee akishindwa kunyanyua ubao, nilikuwa namwambia aende nyumbani akakae na akina bibi wamenye ndizi za makemba. Watu walicheka, nami nilipenda wacheke. Mke wangu alipofariki niliwaambia watu kwamba sihitaji mtu wa kunipikia, nitajipikia. Nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe, mlango na madirisha nikayatengeneza mwenyewe, na nikijisifu nilikuwa nasema, hapa hakuna msumari wa mtu mwingine.

Basi siku moja, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nakata ubao, na msumeno ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, mkono haukuja. Nikauambia mkono uje. Haukuja. Halafu mguu ukalegea na nikawa chini, katika vumbi la mbao, na nilitaka kumwita mwenzangu lakini kilichotoka kinywani hakikuwa jina lake. Nikalala hospitali majuma mengi. Walinirudisha nyumbani nikiwa hivi ninavyoonekana hapa, na Samweli na mke wake wakahamia kwangu na watoto wao wawili ili nisikae peke yangu.

Samweli anafanya kazi kwenye meli. Anashuka na mto mpaka Leopoldville na kurudi, na safari moja inamchukua majuma mengi. Donc, nyumbani tulibaki mimi, watoto wadogo, na Rebeka.

Ninyi wenye mikono miwili hamjui siku ina kazi ngapi. Mimi sikujua. Kifungo cha shati. Mkanda wa suruali. Nilikuwa nauvuta kwa meno na kuubana ukutani kwa nyonga, na asubuhi nzima inapita. Kutoka kwenye kitanda mpaka mlangoni nilipumzika mara mbili. Ndoo ya kuogea ilikuwa nyuma ya ua wa matete, na kujimwagia kwa mkono mmoja niliweza, lakini mgongo sikuufikia, na mkono wa kushoto wenyewe nani atauosha? Ulibaki mchafu, na ndio huo huo wa kulia chakula.

Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Mimi ni mtu wa Maniema. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na si kazi ya mezani. Jumapili moja wanaume walikuja kwenye barza yangu, pale mbele ya nyumba, pamoja na mdogo wangu Musafiri, na Rebeka akatuletea lituma, ndizi za kuponda, na samaki kwenye sahani moja, kama kawaida. Nikaingiza mkono nilionao. Musafiri akaacha kutafuna.  Baadaye kidogo mmoja akanimegea sehemu yangu, akaniwekea kwenye sahani ndogo pembeni, kwa heshima kabisa. Nilitamani nife. Tangu siku ile nilikula chumbani, peke yangu, mlango umefungwa.

Lakini kula si neno. Neno ni baada ya kula. Ndugu zangu, samahani, niko kanisani, lakini nimeahidi kusema kweli. Choo chetu ni cha shimo, nyuma ya nyumba, na mtu anachuchumaa. Mimi nikichuchumaa, siinuki. Mara ya kwanza nilikaa mle mpaka jasho likakauka, nikatoka kwa kutambaa. Mara ya pili nilianguka na kujichafua, na nikajifuta kwa majani, na nguo nikaificha chini ya kitanda kama mtoto. Rebeka aliiona akifagia. Akaifua, akaianika, akaikunja, akairudisha mahali pake. 

Angeweza kunisaidia. Ana mikono ya watu wa mto, amekua kwao Yanonge, kando ya mto, akivuta nyavu na baba yake. Lakini yeye ni mkwe wangu. Tulivyolelewa sisi, baba mkwe na mke wa mtoto wake wanaheshimiana kwa mbali. Baba mkwe hali chakula mbele yake, hamgusi, na habari ya uchi ndiyo usiitaje kabisa. Yeye alijifunza desturi yetu alipoolewa na akaishika kuliko sisi wenyewe. Alikuwa anaweka chakula kwenye kigoda mlangoni kwangu, anasema, "Papa, chakula iko," halafu anaenda upande wa pili wa nyumba ili nisione haya kufungua.

Samweli naye, aliporudi safari moja, alitaka kuniogesha. Nikamwuliza kama anataka kuwa Hamu, aliyeona uchi wa baba yake Nuhu. Akatoka analia. Nilikuwa najua Maandiko, ndugu zangu. Nilikuwa nayatumia kama mlango.

Bon. Nikatafuta akili. Mtu asiyekula hahitaji choo. Mtu asiyekunywa hahitaji kuinuka. Dirisha la chumba changu linatazama nyuma, na jirani anafuga bata, na ua kati yetu umeoza. Rebeka akiweka sahani, naichukua, nakula tonge mbili au tatu, na nyingine yote namwaga dirishani kwa mkono wangu wa kushoto. Sombe ya majani ya muhogo, makemba, samaki, vyote. Bata walikula. Sahani nilirudisha tupu. Maji nililowanisha midomo tu. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, na kila siku nilijiona mwerevu.

Nikakonda. Mashavu yakaingia ndani. Shemasi Yoeli, ambaye ameketi hapa mbele, akaja kuniombea. Akaniangalia sana. Akaniuliza, "Papa Kalonda, unakula kweli?"

Ndugu zangu, ilikuwa ni kusema tu. Yoeli ni rafiki yangu, tumezeeka pamoja. Ningemwambia, ndugu, siwezi kwenda choo, naogopa kula. Maneno machache hayo. Lakini nilipofungua kinywa, nikasema, "Kula? Uliza ule mwenye anapika."

Basi. Sikusema zaidi. Sikumtaja jina. Na niwaambie kitu kibaya zaidi: nilipoona uso wa Yoeli umebadilika kwa huruma, nilijisikia vizuri. Mzee anayenyimwa chakula, watu wanamhurumia. Mzee anayejichafua, watu wanaziba pua. Nikachagua ya kwanza, na aliyelipa ni mtu mwingine.

Neno lile lilitembea. Mnajua lilivyotembea, kwa maana lilipita kwenu. Kwenye bomba la maji akina mama waliacha kumpa nafasi. Sokoni waliongea akipita. Wazee wa kanisa wakamwita. Walimwuliza kama ananinyima chakula. Akajibu, "Napika kila siku." Wakamwuliza, na mzee anakula? Hapo akanyamaza. Wakamwuliza tena, akaangalia chini. Wakaona kimya chake ni kukubali, wakamzuia kwenye Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Wazee wangu, siwalaumu. Ningekuwa nimeketi pamoja nanyi, ningemhukumu vile vile, kwa sauti kubwa kuliko yenu.

Nilisikia yote nikiwa chumbani. Yoeli alikuja kunieleza, akidhani ananifariji. Rebeka aliporudi alipika kama kawaida, akaweka sahani, akasema, "Papa, chakula iko." Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikawamwagia bata.

Samweli akarudi kutoka safari akakuta nyumba iko hivyo. Musafiri alimngoja bandarini, akamwambia yote kabla hajafika nyumbani. Wakaja wakaketi kwenye barza, na mimi nikatolewa nje na kuwekwa kwenye kiti, mifupa mitupu, kama ushahidi. Musafiri akasema mwanamke wa namna hii anarudishwa kwao. Samweli aliniangalia mimi. Nilijua anataka niseme hapana. Nikaangalia miguu yangu. Wakapanga: Jumamosi, meli inayoshuka, Rebeka na watoto waende Yanonge.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi, saa nne asubuhi, Samweli alikuwa ameenda bandarini, wanaume wote wako kazini, na tumbo langu, ambalo nilidhani nimelifunga, likanikamata. Nikajivuta mpaka choo. Nikaanguka ndani, ubavu juu ya mbao, mguu mmoja karibu na shimo, suruali magotini. Na yote yakatoka. Nililala katika uchafu wangu mwenyewe, nzi usoni, na mkono mzima ulikuwa umelaliwa na mwili.

Sijui kama nilipiga kelele. Nilisikia hatua, halafu sauti ya Rebeka nje ya matete. "Papa, umeanguka?"

Nikamwambia aende zake.

Akaenda. Nikamsikia akigonga kwa majirani, nyumba hii, nyumba ile, akitafuta mwanaume. Hakupata hata mmoja. Akarudi, anahema. "Papa, wanaume hawako. Niko naingia."

"Ukiingia nitakulaani," nikamwambia. "Wewe na watoto wako." Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mtu niliyekuwa nimekwisha kumharibia jina na ndoa.

 Pazia la choo likasogea, na nikaona mgongo. Aliingia kinyumenyume, ndugu zangu. Kikwembe chake cha juu alikuwa amekivua na kukishika nyuma yake kwa mikono miwili, na alirudi hatua moja, hatua nyingine, akipapasa kwa kisigino asije akanikanyaga, mpaka kitambaa kikagusa kifua changu. Akakiachia kikanifunika. Hapo ndipo akageuka.

Nikakumbuka Nuhu. Si Hamu peke yake alikuwa pale. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao. Walikwenda kinyumenyume, ndiyo, lakini walikwenda. Waliingia hemani. Miaka yote nilisoma mstari ule nikaona mkosaji tu, sikuwaona watoto wawili waliomsaidia baba yao. Na Rebeka hakujua ninafikiri nini. Yeye alikuwa anatafuta tu njia ya kuninyanyua bila kunidharau.

Akanishika chini ya makwapa, akanitoa. Akaniogesha pale nyuma ya ua, juu ya kigoda, kwa sabuni ya kufulia, kikwembe kikiwa juu yangu, akipitisha mkono chini yake bila kuangalia. Akanawisha mkono wangu wa kushoto, kidole kwa kidole. Nilikuwa nalia na sikuweza kufuta machozi. Akaniletea maji kwenye kikombe. Nikageuza uso.

"Papa," akasema, "utakunywa. Ile chakula nilikuwa naona bata banakula. Tangu mwanzo nilikuwa naona."

Nikamwuliza, "Na ulinyamaza juu ya nini? Mbele ya wazee, ulinyamaza juu ya nini?"

"Ningesema nini? Kama Papa hawezi kufika choo? Ile maneno haiko yangu. Iko yako."

Nikanywa maji.

Sasa mtadhani hapo ndipo nilipofunguliwa. Mimi pia ningependa iwe hivyo. Jioni Samweli alirudi, Musafiri alikuja, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitasema. Nikaona Musafiri anaketi kwenye kiti kile kile, na nikakumbuka alivyoacha kutafuna, na nikafikiria nitakavyomweleza shimo, na suruali, na nani aliniosha. Ulimi ukakataa, na safari hii haukuwa ugonjwa. Ijumaa vile vile. Jumamosi Rebeka akafunga vitu vyake katika kitambaa, akawachukua watoto, akasimama mlangoni kwangu. Hakusema neno juu yangu. Alisema maji ya kunywa yako kwenye jagi, karibu, upande wa kushoto. Akaenda. Nikamwacha aende.

Ndugu zangu, nimeona mambo magumu katika maisha yangu, lakini ile Jumamosi sijui nitaieleza namna gani. Nyumba ilikuwa kimya. Nilijaribu kuomba nikashindwa, maana kila neno nililoanza nalo lilikuwa uongo.

Jumapili Samweli hakuja kanisani. Alipika mwenyewe, vibaya, akaleta sahani chumbani, akaketi kitandani pangu ili ahakikishe ninakula. Akashika kijiko, akanielekezea. Na wakati huo huo, nje ya dirisha, bata wakaja. Wote. Wakasimama pale chini wamenyoosha shingo, wakipiga kelele zao, kwa sababu saa ya kula imefika na wao wanajua nyumba yao.

Samweli akaangalia nje. Akauliza, hana wazo lolote baya, "Papa, hawa bata banangoja nini?"

Mungu wa mbinguni aliona nimeshindwa kusema mbele ya watu, akaniletea bata. Nikamwambia yote. Nilianza na bata nikarudi nyuma mpaka sahani ile mbele ya Musafiri, nikaja mbele mpaka choo, mpaka kikwembe, mpaka laana niliyomtamkia. Sikuficha kitu. Nilisema vibaya, mdomo huu unavuja mate ninaposema mengi, na Samweli hakunifuta. Aliweka sahani chini, akatoka. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye watoto.

Na pale, peke yangu, na mtoto wangu ananichukia, nilipumua. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu siku Rebeka aliponiogesha na kuninywesha, au tangu zamani zaidi, kiliondoka. Nikachukua ile sahani kwa mkono wa kushoto, nikala chakula chote, kibaya vile kilivyokuwa. Baadaye nikamwita Samweli, nikamwambia nahitaji kupelekwa choo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu. Alikuja. Hakuniangalia usoni, lakini alikuja, akanishika. Bwana asifiwe kwa hilo, ndugu zangu, maana huko ndiko kufunguliwa kwangu: niliomba kupelekwa choo.

Siku hizi Yoeli ananiogesha Samweli akiwa safarini. Nilimweleza naye. Alikasirika kwa siku mbili, halafu akaja na sabuni.

Samweli alishuka mpaka Yanonge kumwomba mke wake arudi. Baba yake Rebeka ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Alimjibu kwamba binti yake aliaibishwa kanisani, mbele ya watu wote, na hawezi kurudishiwa jina lake jikoni. Yule aliyelichukua alirudishe mahali lilipopotelea. Nimekubali. Jana wamekuja kwa mtumbwi, yeye, binti yake na watoto. Wamelala kwa Yoeli. Kwangu hawakulala.

Basi, wazee wenzangu, mlioketi huku mmebana mikono inayotetemeka chini ya nguo, na ninyi mnaokunywa maji kidogo mkijua kwa nini: semeni. Mwambieni Bwana, halafu mwambieni mtu. Mwili utabaki vile ulivyo, huenda utazidi kuwa mbaya, siwadanganyi. Wangu umezidi. Lakini kuna mtu nyumbani kwako anayebeba kile usichotaka kusema, na hajakwambia ni kizito. Mtumaini Bwana umtue mtu huyo mzigo wake leo.

Mama Rebeka, hukuninyima chakula hata siku moja. Nilikuwa namwaga mimi. Uliona, ukanifichia, na mimi nikakuacha upande meli. Baba yako amesema kesho asubuhi mtumbwi unarudi. Kama utakuwemo au hutakuwemo, sina haki ya kuuliza, na Samweli atakuomba mwenyewe kwa mdomo wake. Mimi nilitaka tu watu hawa wasikie, na wamesikia.

Nimemaliza, ndugu zangu. Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya kufika mwisho. Wazee wa kanisa, naona mkate na kikombe viko tayari mezani. Leo mimi sistahili, nizuieni mimi, nitabaki kwenye kiti hiki. Yeye mwiteni. Mwiteni kwa jina lake, wa kwanza, aje mbele.